Viazi Vikiiva, Maziwa Tayari

Nilipoaga kazini, Sista Kemigisha alinitazama kutoka juu mpaka chini akasema, "Wewe nastaafu, na hata mvi moja huna." Kisha akaniambia niandike ninayoyakumbuka, kwa sababu ninyi wawili mnaochukua nafasi yangu mtayahitaji, na Kiswahili chake cha kuandika ni kibaya kuliko cha kusema. Nimetii. Ninaandika polepole, jioni baada ya kupika, hapa Mbarara katika chumba tulichopanga karibu na hospitali kubwa. Mama yangu anatibiwa hapa mara kwa mara na hana mtoto mwingine wa kumsindikiza. Ndiyo maana nimeacha kazi. Hakuna aliyenifukuza.

Kazi yenyewe niliipata kwa kunong'ona. Mimi na Mama tulitoka Kivu Kusini, tukakaa kwenye kituo cha mapokezi cha Kabazana tukisubiri kuandikishwa, halafu tukapewa kiwanja cha kujenga na kulima katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Nilimaliza shule ya msingi hukohuko na masomo yangu yakaishia hapo. Nilikuwa msichana wa kujificha nyuma ya mama yake. Nikitumwa dukani, kijijini Misiera, nilisubiri wateja wote waondoke ndipo niseme ninachotaka. Mwenye duka alidhani nataka kuiba.

Siku moja Mama aliumwa tumbo, tukaenda kituo cha afya. Sista, muuguzi wa zamu, alikuwa anamweleza mwanamke mmoja namna ya kuchanganya dawa ya unga ya mtoto anayehara. Mnamjua Sista: amezaliwa katika kambi ya jeshi ya Makenke, baba yake alikuwa sajini, na Kiswahili alichonacho ni kile cha kambini. "Kuja hapa! Chemsha maji! Weka yote! Kunywesha mtoto!" Yule mwanamke alikuwa ametoka vijiji ambavyo watu wakisikia Kiswahili cha namna hiyo wanakimbilia porini. Alisimama wima, mtoto mgongoni, akawa anajibu "Ndiyo, ndiyo" bila kushika chochote. Alipopita karibu yangu nilimnong'oneza: mama, amesema uchemshe maji lita moja, yapoe, umwage pakiti nzima, halafu umpe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko. Alishusha pumzi.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Wewe. Nasema nini na huyo mama?"

"Nimerudia ulichosema, Sista."

"Kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Hata mimi nasema Kiswahili! Kwa nini yeye nasikia wewe, mimi hapana?"

Mama yangu, ambaye haogopi mtu hata akiwa anaumwa tumbo, akanijibia. "Sista, weye unaongea kama unapiga kwata. Mutoto wangu anaongea kama mutu."

Sista alicheka mpaka akashika meza. Baada ya siku chache nilivaa fulana ya kituo na kazi yangu ikawa kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Sijasikia mtu mwingine mwenye kazi hiyo.

Siku yangu ya kwanza kufundisha, wanawake wajawazito walijaa kwenye mabenchi. Nilishika ubao wa picha mbele ya uso wangu na nikaongea na huo ubao. Mmoja akasema, "Leo ubao unatufundisha!" na wote wakacheka. Sista akaninyang'anya ubao, akanikalisha kando ya mwanamke wa benchi la mbele. "Ongea na huyu mmoja," alisema. "Wale wengine nasikiliza bure."

Nimefundisha hivyo mpaka siku ya mwisho. Kama ninyi pia mna aibu, msihangaike kuitibu. Chagueni mtu mmoja, mkae naye goti kwa goti, mmweleze yeye tu. Watu husikiliza kwa makini zaidi maneno ambayo hawakuambiwa wao.

Jambo la pili Sista alinifundisha kwa mzee mmoja fundi viatu, mgonjwa wa presha. Nilikuwa nimemweleza dawa zake na nikamuuliza, "Umeelewa, mzee?" Akajibu, "Nimeelewa muzuri sana, binti yangu." Alirudi presha ikiwa juu kuliko mwanzo. Sista alimuuliza swali tofauti: "Mzee, onyesha mimi, jana wewe nakunywa namna gani?" Akaonyesha. Kichwa kilikuwa hakimuumi jana, kwa hiyo hakunywa. Dawa alikuwa anaiwekea akiba siku mbaya. Hakutudanganya. Kwetu mtu akikuuliza kama umeelewa, kusema hapana ni kumwambia kwamba amefundisha vibaya, na nani atamvunjia heshima binti aliyejitahidi? Tangu siku hiyo neno "umeelewa" nililitoa mdomoni kazini. Nilisema, "Mama, ukifika nyumbani utamwambiaje baba?" au, "Nionyeshe kijiko utakachotumia." Vijiko vya Nakivale vina ukubwa wa kila namna. Mimi nimeona kimoja ambacho ningeweza kukiita mwiko.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache: ubao wa picha, kijiko, kipande cha sabuni, na dumu lenye tundu la kunawia mikono. Ubao mtaukuta nyuma ya kabati. Picha ya nzi imefutika kidogo na watoto huiita kuku.

Sasa nawaandikia habari ya Esperansi, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi kuliko zote, na kwa sababu ninyi pia mtafika kwenye ua wao.

Esperansi ni mke wa Gideoni, mfugaji, watu wa milima ya Kivu Kusini. Waliishi na mama mkwe wake, ambaye kila mtu alimwita Koko Mapendo, kama tunavyowaita bibi zetu. Esperansi alikuja kliniki akiwa na mimba changa na homa. Alisema homa inapanda jioni, inamlowesha jasho, halafu inaondoka kana kwamba haikuwepo. Magoti na kiuno vilimuuma kama vya mwanamke mzee. Alikuwa amekunywa dawa ya malaria mara nyingi kabla ya kuja kwetu. Sista alimuuliza juu ya mimba nyingine. Akatazama chini, akasema zilikuwa mbili na zote zilitoka.

"Maziwa nakunywa?" Sista akauliza.

"Kila siku, Sista. Iko ya ng'ombe zetu."

"Mbichi?"

Esperansi alishangaa swali. Kwao hakuna maziwa ya namna nyingine.

Alipelekwa Mbarara kupimwa damu, na majibu yakawa kama Sista alivyoogopa: brusela. Ni ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe, kwenye maziwa mabichi na kwenye maji ya uzazi wa ndama, na unaweza kutoa mimba ya ng'ombe na ya mtu. Madaktari walimpa dawa zinazomfaa mjamzito, za kunywa kwa muda mrefu bila kukosa. Lakini Sista aliniambia dawa peke yake ni kupiga deki huku paa linavuja. Kama nyumba ile itaendelea kunywa maziwa mabichi, ugonjwa utarudi, na mimba hii ya tatu itafuata zile mbili.

Tulikwenda wote wawili. Koko Mapendo alitupokea vizuri, akatukalisha, akaleta maziwa katika vikombe vya mti vilivyofukizwa moshi wa majani, vyenye harufu nzuri mpaka leo naikumbuka. Sista hakugusa kikombe. Alisimama akasema, kwa sauti ya baba yake: "Mama! Maziwa mbichi hapana! Leo mwisho! Chemsha yote!"

Koko alinyanyuka, akachukua vikombe vyake, akaingia ndani na kufunga mlango. Kuku walibaki nasi uani.

Njiani Sista aliniuliza, "Mimi nasema vibaya?"

"Umesema kweli, Sista. Ila umesema kwa nguvu."

"Nyumbani kwetu hata chumvi tulikuwa naomba namna hiyo," alisema, na safari hii hakucheka. Halafu akasema, "Nenda wewe. Nenda peke yako."

Nilikwenda asubuhi. Nilitembea mpaka kwenye ua, nikarudi, nikatembea tena. Esperansi aliniona kutoka shambani akanipungia mkono, kwa hiyo sikuweza kurudi mara ya pili. Koko alinikalisha akaniletea kikombe kilekile cha mti, kimejaa. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakiweka magotini.

"Mbona haukunywe?"

"Koko, siwezi kunywa kitu ambacho nimekuja kumwomba Esperansi akiache."

Koko akauliza kwa Kiswahili cha kwetu, ba- mahali pa wa-: "Mama yako alikufundisha kukataa maziwa ya batu?"

"Hapana, Koko. Mama angenipiga."

Midomo yake ikatikisika kidogo, lakini hakutabasamu. Alichukua kikombe, akamimina maziwa taratibu katika chombo chake kikubwa, hata tone halikuanguka. "Huyo askari wenu wa kike anasema nichemushe," alisema. "Maziwa ikipanda na kumwangika mu moto, matiti ya ng'ombe inapasuka. Bakoko betu balituambia, na mi niliona kwa macho. Nikichemusha, ng'ombe ikikauka, yeye atanipa ingine? Gideoni atachunga nini? Mawe?"

Ubao wangu wa picha ulikuwa na picha ya sufuria inayochemka na alama ya vema. Niliuacha kwenye mkoba. Sikuwa na hoja yoyote, kwa hiyo nikauliza tu nilichotaka kujua. "Koko, ng'ombe anaumia maziwa yakipata joto, au yakiangukia motoni?"

"Yakiangukia mu moto."

"Joto peke yake halina neno?"

"Joto iko na neno gani? Kule milimani baridi ilikuwa mingi. Mutoto mudogo akilia, tulitia kikombe cha maziwa mu maji ya moto, inapata joto, anakunywa, analala. Maji haichome ng'ombe." Alikuwa anatazama mahali ambapo Esperansi alikuwa anapalilia, mkono mmoja kiunoni. "Mi nilizika bajukuu babili," alisema polepole. "Hata jina habakupata. Munafikiri mi sitaki?"

Nilimshika mkono, akauacha ushikwe.

Nilirudi kituoni nikiwa karibu kukimbia. Sista alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, nalo ni jambo la kuandikwa. Akasema kupasha joto hakutoshi, kwa sababu vijidudu vya brusela vitaoga tu humo na kutoka wasafi. Lazima maziwa yaive. Lakini njia ya Koko aliipenda. Tukaijaribu jikoni kituoni: sufuria ndogo ya maziwa, yenye kifuniko, ndani ya sufuria kubwa ya maji yanayochemka. Maziwa hayakufura wala hayakumwagika. Yalitoa mvuke, yakapata moto sana, yakafanya utando juu. Tone halikugusa kuni.

"Sasa wakati," Sista alisema. "Kule nyumbani kwake hakuna saa. Yeye najua namna gani imeiva?" Alizunguka jikoni, mikono nyuma kama sajini. Halafu akafungua gunia la mpishi, akatoa viazi mviringo vinne vikubwa, akavitumbukiza katika maji yaleyale ya nje, vikizunguka sufuria ndogo. "Maji nachemka kwanza, halafu weka viazi. Viazi naiva mpaka ndani, maziwa tayari. Kuni moja, chakula mbili."

Mpishi alilalamika kwamba viazi vilikuwa vya wagonjwa. Tulivila sisi watatu, yeye akiwa wa kwanza.

Safari ya tatu tulikwenda wote tena, lakini Sista alikaa kwenye kiti kidogo kilicho chini kuliko cha Koko, na hakusema ila salamu. Sijui ilimgharimu nini. Mimi niliomba ruhusa ya kuonyesha. Koko alisimama kando ya jiko muda wote, akiinama kila mara kuchungulia majivu kama kuna tone jeupe. Viazi vilipoiva akachoma kimoja kwa kijiti, kikapasuka vizuri. Akafunua sufuria, akanusa. "Iko na harufu ya sufuria," alisema. Baadaye akasema, "Lakini haikumwangika."

Msifikiri mambo yaliishia hapo. Nyumba ile hunywa zaidi maziwa ya mgando, na maziwa yaliyopikwa yalikataa kuganda. Koko alinitumia ujumbe kwa jirani: "Ambia askari wenu, maziwa imekufa." Kumbe mbegu ya kugandisha inakaa ndani ya chombo cha zamani, nayo ni ya maziwa mabichi, tusingeweza kuirudisha. Sista aliposhuka Mbarara kwao, alileta pakiti ya maziwa ya mgando ya kiwandani. Kijiko chake kimoja katika maziwa yaliyopikwa na kupoa, na chombo kilichosuguliwa kwa maji ya moto, asubuhi yakawa mazito. Tangu hapo mbegu ilitoka kwenye maziwa yao yaliyopikwa. Andikeni hili mioyoni: mkimwambia mtu aache kitu, kaeni naye mpaka mjue kitu hicho kilikuwa kinafanya kazi ngapi nyumbani.

Na Gideoni alikuwepo pia. Alizoea kumvuta ndama anayezaliwa kwa mikono mitupu, na kondo la ng'ombe kulitupa kichakani kwa mbwa. Tulimpa glavu ndefu, tukamweleza achimbe na kufukia, kisha aoge kwa sabuni kabla ya kumkaribia mkewe. Alivaa glavu akajitazama. "Ng'ombe ataniona dokta, atakataa kuzaa bila kadi," alisema. Lakini alizivaa. Nilimkuta siku moja ameziosha na kuzianika kwenye kamba kando ya nguo za kanisani.

Esperansi alipata nafuu kabla dawa hazijaisha, na hapo ndipo penye hatari. Mwili ukipona, mtu anaona dawa ni usumbufu. Kila nilipopita nilimwambia, "Nionyeshe," naye alinionyesha pakiti. Siku moja alinionyesha akiwa amekasirika. "We binti, nenda na ile 'nionyeshe' yako huko! Mume wangu hanichunge hivi."

Koko akajibu kutoka ndani, "Muonyeshe mutoto! Umeze mbele yangu!" Nikajua kwamba sasa nina mtu mkali kuliko Sista.

Tumbo lilipita miezi ambayo zile mbili hazikuipita. Koko aliacha kutazama shambani, akamkataza Esperansi jembe, akapalilia mwenyewe.

Mtoto alizaliwa kituoni kwetu asubuhi, msichana, mwenye sauti. Nilikuwa nje nikijaza dumu la kunawia mikono, nikasikia kilio, nikaacha maji yamwagike. Sista alitoka na akasema kwa Kiswahili chake, "Mzima! Mama mzima! Mtoto mzima!" na kwa mara ya kwanza sauti ile haikuhitaji mtu wa kuitafsiri. Kwa desturi yao walipaswa kungoja kwanza kabla ya kumpa mtoto jina. Koko hakungoja. Alimwinua palepale mbele yetu, kabla hata hajaoshwa vizuri, akamwita Neema, akarudia mara nyingi, kana kwamba mtu angeweza kulichukua.

Ninamshukuru Mungu kwa siku ile, na ninamshukuru Sista aliyenyang'anya ubao wangu, na Mama aliyenisemea nilipokuwa sina sauti. Kuna wagonjwa ambao hatukuwafikia kwa wakati, nanyi mtakuwa nao. Hao pia nawakumbuka. Lakini wamama wa upande ule wa Nakivale sasa wanapika maziwa kwa viazi, na wengi wao hawakufundishwa na mimi. Wamefundishwa na Koko, ambaye huwaambia ni njia ya kule milimani. Msimsahihishe. Nusu ni kweli.

Wiki ya kuhama nilikwenda kumuaga. Neema alikuwa anatambaa uani akifukuza kuku walewale. Koko alinikalisha, akaingia ndani, akakaa kidogo. Nilidhani atatoka na kile kikombe cha mti. Alitoka na kikombe cha bati kipya cha dukani Misiera, amekizungushia kitambaa, na viazi viwili kwenye sahani.

"Kile cha muti hakipendi moto," alisema, kana kwamba anajitetea. "Pokea, mutoto. Unywe."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Kikombe kiliniunguza vidole, na nilikunywa mpaka chini.